Huria si Bure: Mkasi wa Picha Zetu Umo Mikononi mwa Nani?

Siku hizi ni jambo la kawaida kusikia ikisemwa kwamba, kwa kuwa kila kijana ana simu yenye kamera, uwezo wa kusimulia habari za jamii umekwisha kuwafikia wananchi wote. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ni ukweli nusu. Kurekodi ni mwanzo wa kazi tu. Mkutano wa kijiji uliochukua saa 3 kujadili mgogoro wa ardhi, hata ukirekodiwa wote tangu mwenyekiti anapoufungua hadi anapoufunga, hautatazamwa na mkuu wa wilaya, wala wakili, wala mwananchi wa kijiji jirani, mpaka atokee mtu wa kuketi nao, kuusikiliza, kuchagua, kukata na kuunga. Mtu huyo ndiye mhariri. Mkasi wake ndio unaoamua nani atasikika na nani ataachwa nje ya habari inayomhusu.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tumeshughulika mno na kamera, tukausahau mkasi. Vyuo, asasi za kiraia na halmashauri zetu hununua kamera, hupiga picha nyingi, kisha kazi ya kuzihariri hukabidhiwa kwa programu za kuibwa, programu za kukodi, au mkandarasi wa mjini ambaye hakuwapo mkutanoni. Ninadai kwamba uhariri wa video unaweza kufanywa na sisi wenyewe, kwa kompyuta dhaifu tulizonazo, kwa programu huria. Na kwamba jambo hili ni la kisiasa kabla halijawa la kiufundi.

Nguvu ya mkasi haikugunduliwa jana. Wanaosoma historia ya sinema wanalijua jaribio linalohusishwa na Mrusi Lev Kuleshov, mwanzoni mwa karne ya 20. Alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji, akaiunga na picha ya sahani ya supu, kisha na ya maiti katika jeneza, kisha na ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, majonzi na matamanio, ilhali uso ulikuwa ule ule. Sasa mfikirie kiongozi anayesema hadharani: “Fidia italipwa, iwapo tathmini itakamilika kabla ya mwaka wa fedha kwisha.” Mhariri akikata kabla ya neno “iwapo”, kiongozi ametoa ahadi. Akiacha sharti na kuifuta fidia, kiongozi amekataa. Katika hali zote mbili hakuna neno lililoghushiwa. Kila alilosema alilisema kwa kinywa chake.

Kwa sababu hiyo, swali la nani anahariri, kwa chombo cha nani, na kwa ridhaa ya nani, haliwezi kuachwa kwa mafundi peke yao.

Wanafunzi wangu wanapopewa kazi ya kutengeneza filamu fupi ya utafiti, jibu la kwanza huwa moja: “Mwalimu, hatuna vifaa.” Sipuuzi jibu hilo. Kompyuta mpakato zilizo mikononi mwa wengi wao ni za mtumba, zenye kumbukumbu ya GB 4, na diski ambayo imekwisha kujaa mihadhara na muziki. Umeme hukatika kazi ikiwa katikati. Bando la intaneti ni ghali. Programu kubwa za kibiashara za uhariri huomba kumbukumbu ya GB 8 kwa uchache, na GB 16 au zaidi ili zifanye kazi kwa raha, na tangu mwaka 2013 kampuni ya Adobe iligeukia utaratibu wa kukodisha programu zake mpya kwa mwezi au mwaka badala ya kuziuza moja kwa moja. Kodi ya namna hiyo haimo katika bajeti ya mwanafunzi anayesubiri fedha za mkopo.

Hapo ndipo njia mbili rahisi hujitokeza, na zote mbili ni nguo ya kuazima, ambayo wahenga walikwisha kutuonya kwamba haisitiri maungo.

Njia ya kwanza ni nakala iliyovunjwa kufuli, ile ambayo vijana huiita kraki. Inapatikana kwenye flashi ya rafiki au katika duka la huduma za kompyuta. Licha ya virusi vinavyosafiri nayo, matumizi yake ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Wapo watakaosema kwamba kampuni kubwa za ng’ambo hazitaumia kwa nakala moja ya Morogoro au Kisumu. Huenda. Lakini tazama unavyojiweka wewe mwenyewe. Mwanaharakati anayedai uwajibikaji kwa filamu iliyotengenezwa kwa programu ya wizi amempa anayemlalamikia sababu ya bure ya kuja kukagua kompyuta yake. Ofisi ya umma inayofanya hivyo imejinyima uwezo wa kumkemea raia kwa kosa lile lile.

Njia ya pili ni programu za bure za kwenye simu. Ni nyepesi, zinapendeza, na sishangai kwamba vijana wanazipenda. Hata hivyo, bure yake ina mwenyewe. Mwezi Januari 2025, sheria ya Marekani dhidi ya TikTok ilipoanza kutekelezwa, programu ya CapCut, inayomilikiwa na kampuni ile ile ya ByteDance, nayo iliacha kufanya kazi kwa watumiaji waliokuwa Marekani. Watu waliolala wakiwa wahariri waliamka wakiwa hawana chombo. Na kulipa hakuleti usalama mkubwa zaidi. Mwezi Oktoba 2019, Adobe ilitangaza kwamba itazifunga akaunti za watumiaji wake wote nchini Venezuela ili kutii amri ya Rais wa Marekani. Kabla ya mwezi huo kwisha kampuni ilipata kibali cha kuendelea na huduma, lakini kwa wiki kadhaa wapigapicha na wahariri wa nchi nzima waliishi wakijua kwamba kazi yao inategemea ugomvi wa serikali mbili. Wao hawakuwa wamekosa lolote. Walikuwa wapangaji tu, na mpangaji hana kauli juu ya nyumba.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko Kiingereza. Waingereza wana neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, na Richard Stallman, aliyeanzisha vuguvugu la programu huria nchini Marekani mwaka 1983, ametumia miaka mingi kuwaeleza wenzake tofauti ya maana hizo mbili. Sisi tunasema bure, na tunasema huria. Mwanafunzi yeyote wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania anaijua tofauti hiyo vizuri, maana ada analipa. Uhuria wa chuo kile ni mlango uliofunguliwa kwa mwalimu wa Tunduru na nesi wa Kigoma, wasome bila kuacha kazi.

Programu huria nayo ni hivyo. Yeyote anaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuuchunguza msimbo chanzo wake, kuugawa kwa jirani, na kuurekebisha kisha kuyasambaza marekebisho yake. Nyingi ya programu hizo hazilipiwi, lakini hilo ni tunda, mzizi ni ruhusa. Nakala uliyo nayo leo haiwezi kuzimwa kesho kwa amri ya mtu aliye Washington, Beijing au Dodoma. Unaweza kuiweka kwenye flashi na kumpa mwenzako wa kijijini, na tendo hilo ni halali kabisa.

Katika uwanja wa video, programu hizo zipo na zimekomaa. Kdenlive na Shotcut ni za kukata na kuunga. OpenShot ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Audacity ni ya kusafishia sauti. HandBrake hubadilisha mafaili kutoka umbo moja hadi jingine. FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ndiyo injini iliyojificha chini ya nyingi kati ya hizo. Blender, iliyokombolewa mwaka 2002 baada ya wapenzi wake kuchanga euro 100,000 ili msimbo wake uwe wa umma, hutumika kwa katuni na picha za kubuni. Anayedhani kwamba hizi ni programu za kujifunzia tu na aitazame filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia. Ilitengenezwa kwa Blender, na mwaka 2025 ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni, mbele ya filamu za kampuni zenye mabilioni.

Sasa nije kwenye kompyuta ile dhaifu ya GB 4, maana nisipofanya hivyo nitakuwa nimehubiri tu. Siri ya kuhariri kwa vifaa hafifu ni kuelewa mahali mzigo ulipo. Picha ya 4K ina nukta karibu milioni 8.3 katika kila fremu. Picha ya kiwango cha 1080 ina nukta karibu milioni 2.1, yaani robo. Simu nyingi hutumia kati ya MB 60 na 130 kwa kila dakika ya 1080, kwa hiyo saa moja hula GB 4 hadi 8. Ukirekodi kwa 4K, mzigo hukaribia mara 3 ya hapo. Mkutano utakaotazamwa kwenye simu, au kwenye projekta ya ukumbi wa halmashauri, hauhitaji 4K. Uamuzi wa kwanza wa mhariri maskini, basi, hufanyika kabla ya kurekodi: ashushe kiwango hadi 1080, na nafasi anayoiokoa aitumie kwa nakala za akiba.

Uamuzi wa pili ni wa sauti. Mtazamaji huvumilia picha iliyotikisika, lakini sauti isiyosikika humfukuza mara moja. Simu ya pili, hata iwe kuukuu, ikiwekwa mezani karibu na msemaji kama kinasa sauti, huleta sauti safi kuliko ya kamera ghali iliyo mwisho wa ukumbi. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza, na baadaye utaoanisha sauti na picha kwa kulinganisha mlio wa kofi hilo. Uvumi wa feni au jenereta unaosikika wakati wote hupunguzwa kwa Audacity, mradi tu uliacha sekunde chache za ukimya ili programu ipate sampuli ya uvumi wenyewe.

Tatu, kabla ya kufungua programu yoyote ya kuhariri, keti na daftari. Sikiliza yote, andika dakika na maneno: “dakika ya 14, mama anaeleza mpaka wa shamba, dakika ya 31, afisa ardhi anajibu.” Kalamu haihitaji umeme. Aliyefanya kazi hii vizuri huingia kwenye kompyuta akijua anachokitafuta, na saa za umeme alizo nazo zinamtosha. Kwa vipande virefu, FFmpeg inaweza kukata sehemu unayoitaka bila kuifinyanga upya picha, kwa amri ya mstari mmoja. Kwa kuwa inanakili tu kilichopo, hata kompyuta ya miaka 10 iliyopita huimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache, ijapokuwa mkato huweza kuangukia sekunde kidogo kando ya pale ulipotaka.

Nne, tumia nakala nyepesi. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo linalofungua mlango. Kdenlive na Shotcut zote mbili huweza kutengeneza nakala ndogo ya kila kipande, kwa mfano yenye upana wa nukta 640, ambayo ina sehemu moja tu ya 9 ya nukta za kipande cha 1080. Unakata na kuunga ukitumia nakala hizo, na kompyuta haikwami. Ukimaliza, programu hurudi yenyewe kwenye picha asilia na kutoa filamu kwa ubora wake wote. Acha kompyuta itengeneze nakala hizo usiku, na filamu kamili nayo itoke usiku, wewe ukiwa umelala. Kama sauti na midomo vinaachana kadiri kipande kinavyosonga, jua simu yako ilikuwa ikibadilisha idadi ya fremu kwa sekunde. Pitisha kipande hicho kwenye HandBrake kwanza, uchague idadi ya fremu isiyobadilika.

Tano, kumbuka kwamba faili la mradi si filamu. Ni maandishi ya kawaida yanayosema: chukua kipande hiki, kutoka sekunde hii hadi ile, kiunge na kile. Uzito wake ni mdogo sana, na picha asilia haziguswi. Maana yake ni kwamba watu wawili walio mbali, mmoja Mwanza na mwingine Bukoba, wakiwa na picha zile zile kwenye diski zao, wanaweza kutumiana uhariri kwa barua pepe bila kuteketeza bando. Maana yake nyingine ni nzito zaidi: atakayetilia shaka filamu yako, unaweza kumwonyesha picha asilia pamoja na kila mkato ulioufanya. Chombo kilicho huria humwezesha mkaguzi kufungua mradi wako bila kununua leseni kwanza. Kwa anayepeleka ushahidi mbele ya tume au baraza la ardhi, hilo si jambo dogo.

Gharama isiyokwepeka ni moja, nayo ni hifadhi. Majirani zetu wa Wakaliga, mjini Kampala, wametupa funzo la aina yake. Nabwana I.G.G., mwasisi wa kikundi kinachojulikana kama Wakaliwood, alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama inayotajwa kuwa haikuzidi dola 200 za Marekani, akitumia kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipuri. Filamu ile imetazamwa na mamilioni duniani. Lakini nafasi kwenye kompyuta ilikuwa finyu, na ili kutengeneza filamu iliyofuata ilibidi ile ya awali ifutwe. Kilichobaki hadi leo ni toleo la DVD la ubora wa chini. Umaskini wa vifaa haukuizuia kazi isizaliwe, ila uliizuia isihifadhiwe. Nasi tukirekodi ushuhuda wa wazee juu ya mipaka ya kijiji kisha tukaufuta ili tupate nafasi ya harusi ya wikiendi, tumewazika wazee hao mara ya pili. Diski ya nje moja, na nyingine katika jengo tofauti, ni matumizi ya lazima kabla ya kamera mpya.

Mpaka hapa nimesema juu ya chombo. Ila chombo huria mikononi mwa mhariri dhalimu bado ni chombo cha dhuluma. Ndiyo sababu ninapenda kuwakumbusha wanafunzi habari za Kisiwa cha Fogo, huko Newfoundland, Kanada. Mwaka 1967 wavuvi wa kisiwa hicho walikuwa katika hatari ya kuhamishwa, kwa kuwa serikali iliona gharama za kuwahudumia ni kubwa. Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, kupitia Colin Low, ikishirikiana na idara ya elimu ya nje ya Chuo Kikuu cha Memorial chini ya Donald Snowden, iliwarekodi wakizungumza juu ya maisha yao. Kabla ya filamu hizo kuonekana kokote, zilionyeshwa kwanza kisiwani kwa wenyewe, na aliyerekodiwa alikuwa na haki ya kutaka kipande chake kiondolewe. Baada ya ridhaa hiyo ndipo zilipopelekwa kwa viongozi, na majibu ya waziri wa uvuvi nayo yakarekodiwa na kurudishwa kisiwani. Filamu peke yake hazikuleta suluhu, lakini zilichangia watu wajione kuwa ni jamii moja. Waliunda ushirika wao wa uvuvi, na hawakuhamishwa.

Njia hiyo haiko mbali nasi. Katika miaka ya 1990, mradi wa RIPS katika mikoa ya Lindi na Mtwara, uliofadhiliwa na Finland, ulitumia video shirikishi pamoja na wavuvi wa pwani ya kusini. Wavuvi walieleza mbele ya kamera uharibifu wa uvuvi wa baruti, na kauli zao zikawafikia viongozi ambao wasingewafikia kwa miguu yao. Wakati ule kamera na mashine za kuhariri zilihitaji mfadhili. Leo mvuvi wa Msimbati ana simu bora kuliko kamera nyingi za zama zile, na mkasi unapakuliwa bila malipo. Kinachokosekana ni mazoea ya kurudisha picha kwa wenyewe kabla ya kuzirusha mtandaoni.

Na mazoea hayo sasa yana sura ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatukumbusha kwamba taarifa za mtu zina mwenyewe, na sura na sauti ni miongoni mwa vitu vinavyomtambulisha. Mwanamke anayesimulia ukatili wa nyumbani anaweza kukubali leo akiwa na hasira na kujuta kesho akiwa peke yake. Mhariri mwadilifu humrudia na kumwonyesha. Akiombwa afiche uso, na afiche. Kdenlive na Shotcut zote zinaweza kutia ukungu juu ya sehemu ya picha. Kwa upande mwingine, serikali nayo ijitazame. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka hata wenye blogu kulipia leseni, na jumla ya malipo ya mwanzo ilifika shilingi milioni 2.1. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, lakini somo limebaki: tunaweza kumpa kijana kamera ya bei nafuu na mkasi wa huria, kisha tukamfungia mlango wa mwisho kwa ada. Nchi inayotaka wananchi wake washiriki katika maendeleo haiwezi kuogopa kila anayeunga picha mbili.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba waajiri wanataka wanaozijua programu za kibiashara. Ni kweli kwa baadhi ya vituo vya televisheni. Lakini anayejua kwa nini anakata, wapi aiache sauti itangulie picha, na lini akae kimya, atajifunza vitufe vya programu nyingine kwa wiki mbili. Anayejua vitufe tu, programu ikibadilika hana kitu. Pingamizi la pili ni kwamba programu huria huanguka ghafla kazi ikiendelea. Nalo ni kweli, hasa kwenye mashine dhaifu. Dawa yake ni kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache na kutochanganya mapambo mengi, nidhamu inayomfaa hata mwenye mashine ya mamilioni. Pingamizi la tatu ni la lugha: vitufe vingi ni vya Kiingereza. Hilo linanigusa zaidi, kwa sababu tiba yake tuliwahi kuwa nayo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa huria. Hakuna aliyepaswa kuomba ruhusa kwa tajiri wa ng’ambo ili Kiswahili kiingie kwenye kompyuta. Wanafunzi wa isimu na wa kompyuta wanaotafuta mada za tasnifu wana shamba zima hapa halijalimwa.

Nimalizie kwa kila mmoja na sehemu yake. Mwanafunzi, usiisubiri kompyuta mpya. Chukua iliyopo, anza na filamu ya dakika 5, na uikabidhi pamoja na faili la mradi ili mwalimu aone ulichokata. Mwalimu mwenzangu, tusiwatoze wanafunzi kazi ya video huku tukifumba macho wanapoifanya kwa kraki. Maabara ya kompyuta 10 zenye programu huria huwekwa kwa siku moja, bila zabuni ya leseni. Mwanaharakati, jenga desturi ya kuonyesha kwanza pale ulipopigia picha, na uandike ridhaa. Afisa habari wa halmashauri, kumbuka kwamba picha za mkutano wa hadhara ni kumbukumbu ya umma. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haikuandikwa kwa ajili ya karatasi peke yake. Zihifadhi picha asilia zote, hata zile ambazo mkubwa wako hakupendeza ndani yake, na katika mikataba na wakandarasi wa filamu weka sharti kwamba picha ghafi na mafaili ya mradi vinarudi ofisini.

Nayo mabaraza ya vijiji na mitaa yana haki ya kuuliza swali moja kila anapokuja mtu na kamera: filamu hii tutaiona lini, kabla hujaipeleka kwa wengine? Asiye na jibu la swali hilo asiruhusiwe kufungua mfuniko wa lenzi.